Thelathini na Mbili Toa Kumi na Saba

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Jinja, katika shule moja ya Mpumudde, darasa la pili lilinishinda kwa hesabu moja tu: thelathini na mbili toa kumi na saba. Watoto waliandika ishirini na tano. Walikuwa wakiona mbili haiwezi kutolewa saba, basi wanageuza: saba toa mbili, tano. Nilieleza kwa lugha ya wenyeji, Kisoga changu cha mtu wa Mbale, wakacheka. Nikaeleza kwa Kiswahili, kwa kuwa wengi walikuwa watoto wa askari waliotoka kila upande. Nikaleta vijiti. Kesho yake, ishirini na tano.

Msichana mmoja tu alipata kumi na tano kila mara. Nikamwuliza anafanyaje.

"Navunja laini," alisema.

"Laini gani?"

"Ya baba."

Baba yake alikuwa askari magereza. Nilimwandikia kikaratasi, akaja asubuhi iliyofuata na sare yake, uso umekunjamana, akidhani binti amekosa. Nilipomweleza, alivua kofia akaipangusa, ingawa ilikuwa safi.

"Mwalimu, mimi si mtu ya kufundisha. Mimi nahesabu wafungwa tu, asubuhi na jioni."

"Basi, Afande, wahesabu hawa."

Nilikuwa na wasiwasi. Mama yangu kule kijijini Wanale, tangu enzi za utawala wa kijeshi mpaka leo, hunyamaza akisikia Kiswahili cha mtu mwenye sare, na watoto nao walinyamaza vivyo hivyo alipoingia. Lakini yeye alichuchumaa, akawapa mkono wale wa mbele mmoja mmoja.

Akawapeleka uani watoto thelathini na wawili. Akapanga laini tatu za kumi kumi, wawili wakabaki pembeni.

"Watu kumi na saba waende shamba," alisema. "Kwanza nataka wale saba. Nitapata wapi?"

Wakamwonyesha wale wawili.

"Hawa hawatoshi."

Kisha kasichana kamoja, si binti yake, kalikokuwa kakitafuna mkono wa sweta kakasema, "Vunja laini moja."

Laini ikavunjwa. Kumi wakajiunga na wawili, wakawa kumi na wawili. Saba wakakimbilia kwenye mihogo ya shule, watano wakabaki. Kisha laini moja nzima ikawafuata. Uani ikabaki laini moja na watoto watano.

Mmoja wa waliotumwa shambani akaanza kulia, kwani rafiki yake alikuwa amebaki. Afande alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama shauri la ofisini. Akamrudisha yule mtoto, akamtuma mwingine mahali pake.

"Sasa wamebaki wangapi?"

Wakahesabu upya, kwa vidole. "Kumi na tano!"

"Bado kumi na tano," alikubali, nami nikajiona mwanafunzi.

Alikuja Ijumaa kadhaa, kila alipokuwa hayuko zamu, mpaka alipohamishiwa kituo kingine, akaondoka na binti yake. Kwenye jaribio la mwisho wa muhula, wote walipata isipokuwa wawili. Hao nilikaa nao saa ya chakula, sahani za posho, ugali wa huku, mapajani, maharagwe tumeyapanga kumi kumi. Wa kwanza alielewa siku ya tatu. Wa pili alielewa juma lililofuata, akala ushahidi wote kabla sijamwomba aandike jibu.