Granola yangu ilikuwa tamu mpaka watu walipoambiwa nimetoka wapi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Hili limenikuta mimi mwenyewe, hapahapa Mpanda. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Mniite Odetha.

Nina saluni ndogo huku Shanwe. Asubuhi chapati na maandazi vinanijaza gesi, kwa hiyo nikawa nanunua granola za madukani, zile oats zilizookwa na karanga na asali. Aisee, sukari tupu! Halafu kila kijiko zabibu kavu. Mimi na zabibu kavu hatupatani kabisa.

Nikaingia YouTube, nikaona kumbe ni kitu cha kutengeneza nyumbani. Nikasema basi, naipika yangu, ninavyoipenda mimi.

Oats unanunua. Vingine vipo hukuhuku: karanga, ufuta, mbegu za maboga, na ile asali ya porini nyeusi yenye ukali kidogo. Chumvi nayo msiiogope. Sina oven, naoka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kama wengi tunavyooka keki.

Ya kwanza iliungua, wakala kuku. Iliyofuata nikaila na mtindi wa mama mmoja wa Kisukuma anayetuletea maziwa. Wakuu, nilifumba macho.

Nikawa naenda nayo saluni. Wateja wakaonja huku nawasuka. Mmoja akaomba nimtengenezee, mwingine akataka ya mume wake, nikajikuta nina order kila wiki. Yaani kitu nilichokipika kwa ajili ya ulimi wangu, watu wanakitaka!

Sasa kuna jirani yangu, Mama Dorice. Tunaimba naye kwaya. Nilipolazwa, yeye ndiye aliyenifulia nguo. Akaja siku moja:

"Mdogo wangu, nifundishe na mimi, watoto wangu waache maandazi."

Nikamfundisha jikoni kwangu. Sikumficha kitu. Hata mrina asali wangu nikamtambulisha kwake.

Baada ya muda order zikaanza kukatika. Nikadhani ni hali ya maisha.

Mpaka siku namsuka nesi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Dada Odetha, usinichukie. Watu wanasema ile granola ni chakula cha wakimbizi. Eti nyie mnachanganya vitu mnavyovijua wenyewe."

"Nani anasema?"

"Si huyohuyo rafiki yako, Mama Dorice. Na yeye sasa anauza."

Kwa msioijua Katavi: wazazi wangu walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi. Walipewa uraia. Mimi nimezaliwa Litapunga, kwenye makazi waliyopewa, nimesoma huku, nimebatizwa huku, napiga kura huku. Burundi naisikia kwenye redio kama nyie.

Nilimaliza kumsuka yule nesi. Nikafunga saluni, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Dorice. Nilimkuta uani anafunga granola kwenye mifuko.

Nilitaka akatae. Kweli wakuu, nilikuwa namuomba Mungu akatae.

"Dada, umewaambia watu mimi mkimbizi?"

Hata hakuacha kufunga mifuko. "Kwani nimedanganya wapi? Si mlikuja kutoka Burundi? Biashara ni biashara, Odetha. Usilete kilio hapa, watoto wanasikia."

Nikaondoka.

Jumapili nikaenda Litapunga kumwambia mama. Nilitegemea atakasirika, labda hata aje mjini kumsema Mama Dorice. Alikuwa anachambua maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Kwani ulidhani hili la ukimbizi limeisha?"

Akaendelea kuchambua maharage yake. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Mama Dorice.

Mwezi uliopita nilialikwa kitchen party ya binti mmoja wa kwaya. Ikaletwa granola ya Mama Dorice na mtindi, kwenye vibakuli. Nilitamani iwe mbaya. Nilitamani iwe na sukari nyingi, iwe imelainika, nipate hata neno moja la kusema.

Ilikuwa yangu. Chumvi yangu, asali yangu, ufuta umekaangwa mpaka karibu kuungua, vilevile ninavyoupenda mimi. Hakubadilisha chochote.

Mama mmoja tusiyejuana akanigusa bega. "Kula dada, hii ni safi. Imetengenezwa na mtu tunayemjua."

Nikala mpaka nikamaliza.

Nilichojifunza? Wengine mtasema nisamehe, wengine mtasema nipambane sokoni. Mimi nimejifunza kwamba mtu anaweza kuipenda ladha yako na asikutake wewe, na wala haimnyimi usingizi. Kwaya nimeacha. Granola bado natengeneza, kidogo, ya kwangu na ya mama.

Waliokulia makazi ya Katumba, Mishamo na kwingine kama mimi, nyie mnaishi vipi na hili? Semeni, nitasoma yote. Hata matusi leteni, nimeshayazoea.

Ila wanaotaka recipe msije PM. Sifundishi tena mtu.