Fundi wa Bastola na Mshindo

Fundi wa bastola wa klabu ya shabaha, kule Wadi Kabir, alisubu risasi bila haraka, huku akiimbia puani. Madini yakishayeyuka aliyamimina kwenye kalibu, na risasi zikipoa alizipitisha vidoleni moja moja. Yenye kovu aliirudisha chunguni. Weusi wa vidole vyake haukutoka kwa sabuni yoyote. Siku ya mchujo wa timu, mwaka tisini na nane, Nawar, mmoja wa wapiga shabaha wa klabu, alimjia mbio na rivolva yake ya chuma kisichoshika kutu. Risasi zake zilikuwa zimetawanyika ubaoni, na amebakiwa na duru ya mwisho.

“Ammi, risasi zako zimeniponza!”

Fundi akachungulia mtutu. “Risasi hazina neno. Madini yamegandia humu ndani. Hujausugua tangu lini?” Akausugua kwa brashi ya shaba, msimamizi anamwita Nawar kwa sauti, lakini fundi wala hakuongeza kasi. “Haya, nenda. Kidole taratibu.”

Alipofika mstarini, Nawar aligeuka kumtazama. Fundi alikuwa ameuelekea ukuta, vidole masikioni, macho kayafumba kama mtoto anayengoja sindano. Nawar akaangua kicheko. Mabega yakamlegea, pumzi ikamtulia. Risasi zote sita zikaingia katikati ya shabaha.

Akaja kumgusa bega. “Ammi, nimeingia timu!”

Fundi akafumbua jicho moja. “Alhamdulillahi! Kuzisubu nnapenda, mwanangu. Mshindo wake ndio siuwezi.”