Boksi la Stelingi la Hoyt Tackett

Arvella Tackett alivunjwa pua mara mbili. Mara ya kwanza alivunjwa na babake, akiwa na miaka tisa, kwa kosa la kumpa spana ya namba ambayo siyo. Mara ya pili alivunjwa na kakake. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na sita, fundi mkuu wa mabasi ya shule, mwanamke ambaye madereva wenye mikono minene walimwita Bosi bila kutania. Hiyo ya pili niliiona kwa macho yangu, maana nyumba yangu na yake pale mjini Oildale zimetenganishwa na uzio wa waya tu.

Babake, Hoyt, alikuwa mtu wa visima vya mafuta, na katika dunia hii alipenda kitu kimoja: gari lake. Lilikuwa gari la milango miwili la mwaka 1932. Alilikata nguzo za paa likawa fupi kama kofia iliyoshushwa usoni, akalivua vifuniko vya injini, akalipachika injini ya silinda nane na boksi la stelingi, lile linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, alilong'oa kwenye lori bovu. Wanaume wa mtaa walikuja kuligusa kama watu wanaogusa farasi. Wanawe hawakuruhusiwa hata kuliegemea.

Mwaka 1974, siku ya Jumamosi, sigara zilimwishia. Akamtupia mkewe, Opal, funguo.

"Nenda upesi. Ukilikwaruza nitakukwaruza."

Opal hakufika dukani. Kwenye barabara ya mfereji wa maji ya mashamba gari liliacha njia, likaruka ukingo na kutumbukia. Wachuma zabibu walimtoa dirishani, nyonga imevunjika pande mbili.

"Stelingi iliachia," alimwambia mumewe hospitalini. "Nikawa naizungusha, inazunguka tu kama kifuniko cha chupa."

Hoyt alimzaba kofi palepale kitandani. Ilibidi wauguzi wawili wamvute nje.

Alipomrudisha nyumbani, Opal akitembea kwa magongo, Hoyt hakumpiga tena kwa mkono wake. Alimwita Doyle, mwanawe wa miaka kumi na sita, akampa mkanda wa feni wa injini. "Mfundishe mamako kuendesha," akasema, akavuta kiti akaketi kutazama. Doyle alimpiga mamake mpaka gongo moja likaanguka, na Opal akalifuata chini. Arvella alikuwa nyuma ya mlango, amejiuma kiganja asitoe sauti.

Baada ya hapo Hoyt alijifungia gereji miezi mitatu. Gari lililoingia likiwa jeusi lilitoka jekundu. Na Opal akapata jina jipya mezani: Mvunja Magari. "Mpitishieni chumvi Mvunja Magari." Mwanzoni alijibu kwamba stelingi iliachia. Mwaka wa pili akaacha kujibu.

Hoyt alikufa mapafu yakiwa yamemwishia, akawaachia watoto wake gari, nusu kwa nusu. Doyle ndiye aliyeliendesha. Kila aliyekaa naye alijua stelingi inacheza. Unaizungusha robo nzima kabla magurudumu hayajasikia habari. "Lina tabia zake," Doyle alikuwa akisema. "Ni kama baba. Lazima ulijue."

Aprili ya 2006 alimchukua dadake waende maonyesho ya magari ya zamani. Kwenye kona ya bonde la mto Kern alizungusha stelingi, magurudumu yakakataa, kisha yakashika kwa ghafla. Gari likang'oa uzio wa kisima cha mafuta, na nguzo moja ikapenya kioo cha mbele ikampasua Doyle sikio. Arvella alipiga mdomo kwenye dashibodi, jino likatoboa mdomo.

"Boksi hilo, Doyle," alisema akitema damu.

"Gari la baba halina kosa. Mimi nimechelewa kukata kona."

"Umekata mapema! Nimekuona!"

"Nyamaza, Vella."

Gari lilivutwa mpaka kwa Arvella. Jumanne iliyofuata, kazini hakwenda. Alilegeza bolti tatu, akalishusha boksi, akalibana kwenye jiliwa na kulifungua. Grisi ilitoka nyeusi, imejaa chenga za chuma zinazometameta. Chuma chenye nyuzi kama skrubu kilikuwa kimelika katikati, beringi moja imepasuka. Hayo aliyatarajia. Kilichomsimamisha ni mkono wa boksi, ule unaosukuma magurudumu. Haukutoka. Ulikuwa umechomelewa kwenye shafti, chuma cha mviringo kinachouzungusha.

Aliosha kwa petroli, akakwangua rangi nyekundu kwa kisu, kisha akaniita nije uzioni.

"Wewe una macho mazuri. Hapa kuna rangi gani chini ya nyekundu?"

"Nyeusi."

"Na hapa?"

"Nyeusi pia."

"Na hapa, kwenye mchomeleo?"

Nikatazama. Pale palikuwa na nyekundu, kisha chuma kitupu. Shafti ilikuwa imekatika kabisa, mtu akaiunga, na aliiunga baada ya gari kuwa jeusi na kabla ya kuwa jekundu. Gari lile lilipakwa nyekundu mara moja tu. Na kwenye maungio yale ufa mpya ulikuwa umeshaanza, kucha yangu ikaingia.

"Baba alijua," Arvella alisema. "Mpaka anakufa alikuwa anajua."

Doyle alifika saa kumi jioni, sikio limefungwa bandeji, mimi ningali uzioni. Aliona boksi limetawanywa mezani akasimama mlangoni mwa gereji.

"Nani kakwambia ufungue?"

"Gari ni nusu yangu. Nimefungua nusu yangu."

"Lirudishe lilivyokuwa. Baba alilijenga kwa mikono yake."

"Naam, mikono ileile. Njoo uone alichofanya."

"Sitaki kuona."

"Shafti ilikatika siku ile, Doyle. Mama alisema kweli. Siku ya kwanza kabisa alisema kweli, na baba—"

Ngumi ilimkuta neno lingali mdomoni. Niliusikia mfupa. Arvella alianguka kwenye meza, trei ya petroli ikapinduka pamoja na vyuma vyote, na mkono wake ukakutana na nyundo. Hakuitazama. Alimpiga nayo begani, na mtulinga wa Doyle ukalia kama kuni kavu. Doyle akapiga magoti, lakini hakuachia. Akamvuta dadake mguu, wakabiringika kwenye petroli, yeye akimkaba koo kwa mkono mmoja mzima, Arvella akimtia kidole gumba jichoni. Watu wazima wawili, mmoja ana wajukuu, wakiguna kama nguruwe pori.

"Kufa!" Doyle alikuwa akisema. "Kufa, kufa!"

Niliruka uzio, nikapasua suruali. Nilimvuta Doyle shati, likabaki mikononi mwangu. Basi nikafungua mpira wa maji nikawamwagia usoni, kama mbwa wanavyomwagiwa, mpaka wakaachana kwa kukosa pumzi.

Maji yalikuwa yanatiririka sakafuni. Shafti ilikuwa karibu na goti la Doyle. Aliichukua kwa mkono uliobaki, akaikwangua kwa kucha: nyeusi, nyeusi, kisha pale mahali pasipo na nyeusi. Akarudia. Mara ya tatu akageuza kichwa akatapika.

"Nilimpiga na mkanda, Vella," alisema. "Alikuwa na magongo."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Niliwapeleka hospitali wote wawili kwenye pikapu yangu, wananuka petroli, hawatazamani. Muuguzi aliuliza kimetokea nini.

"Jeki iliteleza," Arvella alisema.

"Jeki iliteleza," Doyle akaunga.

"Jeki gani hiyo yenye alama za vidole?" muuguzi akasema, akaandika anachotaka.

Jumapili walikwenda kwa mama yao, nyumba ya tatu kutoka kwa Arvella. Opal alikuwa na miaka sitini na tisa, anatembea kwa fimbo tangu siku ya mfereji. Alikuwa anakata mkate wa mahindi. Aliwatazama, mmoja na plasta puani, mwingine mkono umefungwa shingoni, akaendelea kukata. Arvella aliweka shafti mezani akaanza kueleza.

"Usinieleze," Opal alimkatiza. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika stelingi. Mnadhani sijui?"

Doyle aliinama mbele yake. "Mama, mimi nili—"

Opal aliinua fimbo akampiga, kwenye bega lilelile lililovunjika. Doyle alitoa sauti ndogo, hakusogea. Akampiga tena. Arvella aliinuka.

"Kaa chini!" Opal alisema. "Hili si lako."

Alipiga pigo la tatu, lakini mkono ulikuwa umeisha nguvu, fimbo ikateleza tu mgongoni. Akasimama anahema, akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Haya. Nenda kwako," alimwambia Doyle. "Mkate wangu huli."

Arvella alinunua boksi jipya, akalifunga wiki iliyofuata. Mkono ulikaa kwenye meno yake bila kuchomelewa popote. Alikaza skrubu ya kurekebisha kidogo kidogo, akijaribu kila mara, mpaka stelingi ikaacha kucheza lakini haijawa nzito. Alizunguka mtaa mara mbili, akalirudisha gari gerejini, akalifunika turubai. Opal alialikwa kulipanda, akasema hana safari.

Doyle alikuja kwa mamake kila Jumapili. Aligonga, akangoja, akaondoka. Juni, Julai, Agosti. Novemba mvua ilikuwa inanyesha, na mlango ukafunguliwa.

"Ingia," Opal alisema. "Panguza viatu."

Nilipompelekea Arvella habari hiyo nilidhani atafurahi. Alikuwa chini ya basi, miguu tu inaonekana.

"Vizuri," alisema. Akaendelea kukaza bolti. "Mimi bado nasikia ule mkanda, unajua? Mpaka leo." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hiyo spana kumi na saba hapo, tafadhali."

Nikaitafuta kwa makini kabla ya kumpa.