Kapteni wa Ndege Kubwa na Kiti cha Chini

Wakati wa vita, ndege ndogo ya shirika letu la misaada ilifika Juba ikiwa vipande ndani ya masanduku. Fundi wetu, aliyekulia uhamishoni Uganda, aliiunganisha nyuma ya ghala letu la dawa kule Gurei, pembeni mwa mji. Barabara zilikuwa zimefungwa. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mkunga aliyebakiwa na dawa za wiki moja tu, na kiwanja chake kilikuwa kipande cha majani ambacho ndege kubwa isingekitazama mara mbili. Tulichokosa ni rubani.

Ofisi ikatuletea kapteni kutoka Nairobi, mwenye miaka ishirini ya ndege kubwa za mizigo, mistari minne mabegani na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ghalani. Mimi niliandika daftari la safari, kwa hiyo niliona yote.

"Hii ni ndege ama mwavuli?" aliuliza.

"Ni ndege, Kapteni," fundi akamjibu. "Lakini haina uzito. Ukipunguza injini, inasimama hewani kama imesahau kitu nyumbani. Na gurudumu ya tatu iko kwa mkia, kwa hiyo miguu yako isilale mpaka injini inazima."

"Mimi nimetua na tani arobaini."

"Malesh, samahani, Kapteni. Hiyo tani arobaini ndiyo ilikuwa inakusaidia."

Sheria ya fundi ilikuwa moja: rubani mpya akae kitini asubuhi tatu, injini imezimwa, atazame majani hadi macho yajue ardhi iko wapi. Kapteni alisema hakuja Juba kuatamia mayai. Wakubwa wetu, waliohitaji picha ya ripoti, wakampa ruhusa siku ileile.

Alijaribia upande wa Rejaf, magunia mawili ya maharagwe yakiwa kwenye kiti cha pili. Kupaa hakukumsumbua, ndege ile ingepaa hata na daftari langu usukani. Alirudi kwa madaha, akitangaza kila hatua kwenye redio. Halafu, mita nne kutoka ardhini, akainua pua na kuondoa nguvu yote ya injini. Kwa miaka ishirini alikuwa ametua akiwa amekaa juu kama ghorofani, na mikono yake bado ilikuwa huko. Ndege ikaanguka kama gunia la tatu, ikadunda, ikazunguka na kutazama ilikotoka. Mguu wa gurudumu la kushoto ukapinda.

Kapteni alishuka akajipangusa. "Upepo umebadilika," alisema.

Pembeni, moshi wa tanuri la mkaa ulikuwa unapanda wima kama nguzo. Nikauandika.

Fundi alinyoosha mguu ule siku mbili. Siku ya tatu alimletea kapteni chai, akamfungulia mlango wa ndege. "Kaa."

Akakaa, asubuhi tatu, bila miwani. Wapakiaji walipita na maboksi yao wakimwambia, "Safari njema, Kapteni." Naye, nampa sifa yake, aliwajibu.

Siku ya nane alitua kwa mkunga, injini ikinguruma mpaka magurudumu yalipogusa majani. Dawa kule zilikuwa zimekwisha jana yake. Sauti yake ilikuja redioni, ya chini kidogo kuliko kawaida.

"Nimefika salama. Mama mkunga anauliza kwa nini tumechelewa."

Fundi akachukua redio mkononi mwangu.

"Mwambie upepo ulibadilika."