Kiapo cha Mtoto wa Pekee

Ofisi ya wakili ilikuwa na makarani wawili: mmoja wa kuongea na wateja, mwingine wa kuwajua. Huyu wa pili ndiye waliyembatiza Kimya. Meza yake ilibanwa kati ya kabati la mafaili ya mirathi na dirisha lililogoma kufunguka, na juu yake kulikuwa na sifongo mbichi ya kulowanishia kidole, maana siku nzima kazi yake ilikuwa kufunua karatasi za waliokufa.

Asubuhi moja mwenzake alikuwa hajafika, simu ya mezani ikalia. Kimya akaipokea.

"Nataka nyumba ya marehemu baba yangu iuzwe, hela nitumiwe huku ng'ambo. Haraka."

Aliijua sauti kabla ya jina. Miaka sita haikuibadilisha. Bado iliongea kama iliyoyanunua masikio ya msikilizaji.

Miaka sita nyuma mwenye sauti hiyo alikuja kumzika baba yao. Naam, baba yao: baba mmoja, mama mbalimbali. Mama yake Kimya alikaa na mzee miaka ishirini, akamwosha na kumlisha alipopooza. Siku ya tatu baada ya maziko, kaka mtu alimkuta mama huyo sebuleni na wageni, akasema mbele ya wote, "Wewe mpishi, nani kakuruhusu kukaa huku? Nenda jikoni na mwanao." Kesho yake akaenda mahakamani kula kiapo kwamba marehemu aliacha mtoto mmoja tu. Akapewa usimamizi wa mirathi, akabadilisha kufuli, akapanda ndege. Kimya alitaka kupinga, mama akakataa. Hangesimama mbele ya watu, alisema, kuthibitisha kuwa alikuwa mke. Hakumaliza mwaka. Mpaka siku za mwisho alikuwa akigeuka kitandani na kuuliza, "Mpishi? Mimi?"

Kimya hakumficha wakili. "Mzee, faili hili ni la nyumbani kwetu."

Wakili, ambaye aliwahi kunywa chai ya mama huyo, aliweka kalamu chini. "Unataka nimpe karani mwingine?"

"Hapana. Nataka kulifanya vizuri."

Na alilifanya vizuri. Mnunuzi akapatikana, barua zikaandikwa, kila karatasi ikapigwa muhuri wake. Mambo yalikwama benki, kabla mauzo hayajatiwa sahihi. Huko ng'ambo kaka alikuwa amechukua uraia, na pamoja na uraia jina jipya, fupi, lisilowachosha wenyeji ulimi. Jina la baba alilikata kama mkia. Benki ikasema: hela za mirathi haziendi kwa mwenye jina hili hadi ndugu wa damu aape mahakamani kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Shangazi na baba wadogo wote walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kimya akampigia kumweleza.

"Sina ndugu mimi huko," alisema kaka.

"Hata mmoja?"

"Kuna binti mmoja wa marehemu. Sijui hata anaishi wapi. Mnaweza kumtafuta?"

"Tumeshampata. Unaongea naye."

"Dada!" Sauti iliruka. "Dada yangu! Kumbe ni wewe! Ama kweli damu nzito kuliko maji."

"Mtoto wa mpishi. Usinipandishe cheo."

"Aa, yale yalikuwa maneno ya msibani tu. Nisaidie, na mimi sitakusahau, nitakukatia fungu lako."

"Fungu sitaki. Kukusaidia nitakusaidia." Na alimaanisha, kama mchinjaji anavyomsaidia kuku kulala. "Ila nikiapa kuwa mimi ni dada yako, hakimu atafungua faili akute umeapa huna dada. Mwongo nitakuwa mimi. Njoo kwanza ukifute kiapo chako."

"Si nitume karatasi?"

"Hakimu anataka kukuona mdomo."

Ukweli ni kwamba ubalozi ungeweza kumwapisha hukohuko aliko. Wakili, aliyekuwa amesimama mlangoni, alilijua hilo, akakohoa. Kimya akaweka simu chini.

"Binti, sheria haina kinyongo."

"Haina, mzee. Nimeikopesha changu."

Wakili akarudi chumbani kwake, akafunga mlango taratibu.

Kaka alifika baada ya wiki tatu, koti mkononi, jasho shingoni. Na Kimya, ambaye hakuwahi kusengenya mtu, alikuwa amepiga simu kumi na moja. Kina mama wote waliokuwa sebuleni siku ile waliketi benchi la nyuma la mahakama, wamebanana, wamependeza.

Hakimu alikuwa akiandika kwa mkono. "Marehemu aliacha watoto wangapi? Polepole, naandika."

"Wawili."

"Mama wa huyo wa pili alikuwa nani kwa marehemu?"

Kaka alitazama viatu vyake. Akasema kitu.

"Sijasikia."

"Mke."

"Mke wa namna gani?"

"Wa ndoa, mheshimiwa. Mke wa ndoa wa baba yangu."

"Haya, jamani, mpishi kaolewa leo!" ilisikika nyuma, na vicheko vikazibwa kwa viganja. Hakimu akainua kalamu.

"Na kiapo chako cha kwanza?"

"Kilikuwa cha uongo."

"Usomewe maelezo yako, au unatia sahihi?"

Kaka alishanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Asomewe, mheshimiwa," alisema Kimya, amesimama.

"Wewe ni nani?"

"Mtoto wa pili."

Basi akasomewa, neno kwa neno, na Kimya akafumba macho ili lisimpotee hata moja.

Nje kwenye korido kaka alimkamata mkono. "Umefurahi?"

"Sana."

"Basi ingia ukaape yaliyobaki, hela zitumwe niondoke."

"Nitaapa leo hii. Wewe ni yule yule, kwa majina yote mawili." Akautoa mkono wake. "Lakini hakuna hela, kaka. Sasa warithi ni wawili, na nyumba haiuzwi kwa sahihi moja. Yangu bado naifikiria."

"Mpaka lini?"

"Wewe uliniacha miaka sita. Ndege yako ni lini?"

"Kesho."

"Safari njema."