Mlango wa Kijani Nyuma ya Soko

Katika chumba cha kufulia cha hospitali moja alifanya kazi mwanamke ambaye wenzake walimbatiza jina la Pua. Si kwamba alikuwa na pua kubwa. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa akiinua nguo usoni, anavuta pumzi mara moja tu, kisha anasema: hii ni iodini, hii ni supu, hii mwenyewe aliificha chini ya kitanda siku tatu. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kuamini kola ya shati kuliko maneno ya aliyelivaa.

Hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Wachumba walikuja, Pua akawachunguza kama anavyochunguza foronya, na kila mmoja akamkuta na doa lake. Alipofikisha miaka arobaini na moja, mama yake alikuwa ameshachoka kujibu maswali ya mashoga zake. Ndipo mashine ya kukaushia ilipoharibika, akaitwa fundi, mwanamume mpole mwenye mashavu laini yasiyoota ndevu za maana. Alihangaika na mashine ile siku nne ikapona. Siku ya tano akarudi hata hivyo, eti anataka kuisikiliza inavyonguruma. Wafuaji walicheka mpaka wakajilaza juu ya marobota ya shuka. Mwaka haukuisha, Pua na yule fundi wakaoana, na hata baada ya ndoa aliendelea kumwita Fundi.

Wazo la kwenda kisiwani kwa fungate lilikuwa la Fundi. Pua alitaka waende milimani kwa dada yake, kwenye baridi na chakula cha bure. Lakini mume wake, ambaye hakuwahi kushindana na mtu hata juu ya chaneli ya televisheni, safari hii alishika uzi uleule.

"Kwa nini huko hasa?" Pua aliuliza.

"Kuna bahari."

"Bahari hata hapa ipo."

"Ya kule ni safi zaidi."

Machale yakamcheza. Lakini bibi harusi wa wiki moja ataanzaje kumhoji mumewe kama wakili mahakamani? Akajikaza kisabuni, akafunga mizigo.

Walifika Jumatatu. Kisiwa kilikuwa kidogo, chenye soko moja, na boti ikija asubuhi na kuondoka saa nne. Walipata chumba kwenye nyumba ya wageni, feni yake ikigonga kila inapozunguka. Fundi alipoingia kuoga, Pua alichukua shati lake la safari alisuuze. Fungate au si fungate, shati lenye jasho la siku nzima asingeweza kulitazama tu likining'inia. Na kama kawaida ya kazi yake, alitia mkono mfukoni kwanza.

Alitoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kimeandikwa: "Nyuma ya soko la samaki, mlango wa kijani. Anafungua saa mbili asubuhi."

Hati ilikuwa ya mwanamke, herufi za mviringo, zimepangwa kwa upole. Pua aliisoma mara tatu. Kisha akakikunja mara nne vilevile, akakirudisha mfukoni, na shati akaliacha bila kulifua. Fundi alipotoka bafuni akipiga mluzi, alimkuta mkewe ameketi kitandani akitazama feni.

"Umechoka?"

"Kidogo tu."

Jumanne, saa mbili kasorobo, Fundi alivaa kandambili akasema anakwenda kununua vocha ya simu. Alirudi baada ya saa nzima na zaidi, mikono mitupu. Duka limefungwa, alisema. Alipoketi kando yake, Pua hakuhitaji hata kusogea. Poda ya waridi, na chini yake harufu ya spiriti, na unga mweupe kidogo shingoni. Sabuni ya nyumba ile ya wageni ilikuwa ya mkaratusi.

Mchana huohuo walikwenda kuzunguka kisiwa kwa miguu, na katika kupiga soga wakasahau maji. Maji yalijaa yakawazingira juu ya mwamba, wakakaa pale saa mbili kama kunguru wawili, viatu mapajani. Ingekuwa siku nyingine, Pua angeihesabu kuwa saa tamu kuliko zote alizowahi kukaa na mtu. Fundi alimsimulia kazi yake ya kwanza, jinsi alivyofungua friji ya tajiri mmoja na akashindwa kuifunga. Pua alicheka hadi machozi. Halafu, kwa kuwa alikuwa anatafuta pa kumshikia, akauliza:

"Na baba yako? Hujawahi kunisimulia."

Fundi aligeuza uso upande ule wa soko. "Alikufa nikiwa na miaka minne. Nilikwambia."

Alikuwa amemwambia, kweli. Ila zamani alilisema jambo hilo akimtazama machoni.

Jumatano Fundi alisema anakwenda kuulizia saa za boti. Saa za boti zilikuwa zimebandikwa kwenye mlango wa chumba chao. Akarudi na poda ileile shingoni. Pua hakula chakula cha mchana. Alimchora mwanamke wa mlango wa kijani akilini: kijana, mwembamba, mwenye kucheka ovyo, anayemkalisha mume wa mtu kwenye kiti na kumpaka poda kama mtoto mchanga. Akajipangia maneno ya kumwambia. Akayapunguza. Akayaongeza tena.

Alhamisi alimwacha Fundi atangulie, akajitanda kitambaa, akavaa miwani ya jua, akamfuata. Alipita katikati ya meza za samaki huku wauzaji wakimwita dada, dada, njoo uone, naye hasikii wala haoni. Nyuma ya soko alijibanza kando ya masanduku ya barafu. Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Akapiga moyo konde, akachungulia.

Ndani palikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, na mzee aliyevaa aproni nyeupe, ameshika wembe. Fundi alikuwa amelalia kiti, macho kayafumba, povu hadi masikioni.

Kinyozi. Pua nusura aangue kicheko cha kujidharau. Lakini hesabu haikukubali. Mtu asiye na ndevu ananyolewa siku tatu mfululizo kwa ajili gani? Na kwa nini aifiche hadithi ndogo kama hiyo? Akatazama tena, safari hii kwenye kioo, ambamo nyuso zote mbili zilionekana. Sikio la kushoto la mzee lilikuwa limechomoza kuliko la kulia. La Fundi vivyo hivyo. Na mzee alipokuwa akipitisha wembe chini ya kidevu, alisukuma mdomo wa chini mbele, sawasawa na Fundi anapokaza skrubu ndogo.

Fundi alipotoka alimkuta mkewe amesimama kando ya barafu, miwani mkononi.

"Yule ni nani wako?" Pua aliuliza.

Fundi hakujaribu hata kuvunga. Aliketi juu ya sanduku moja, akamwaga mtama wote. Wiki tatu kabla ya harusi alikwenda kwa mama yake mdogo kumwomba asimame mahali pa marehemu mama. Mama mdogo akalia, akasema hawezi kusimama pale na uongo kifuani. "Baba yako hakufa. Alikwenda kutafuta kazi akapotelea huko, na dada yangu akaona heri mtoto aambiwe kafa." Yule mama mdogo ndiye aliyeandika kile kikaratasi, baada ya jamaa mmoja kumwambia amemwona mzee huku kisiwani.

"Kwa hiyo hii si fungate," Pua alisema. "Umenileta kusindikiza."

"Ni fungate. Nilitaka uwepo. Nikashindwa kukuambia kabla sijajua ni mtu wa namna gani."

"Na ni mtu wa namna gani?"

"Siku ya kwanza nilimuuliza kama ana watoto. Akasema hana." Fundi alifuta poda shingoni kwa kiganja. "Tangu hapo nakaa tu, ananinyoa, najilipia, naondoka."

Pua alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Mtu akikuficha baba, atashindwa kukuficha nini? Jioni akamwambia maneno machache: "Kesho tunakwenda wote, kabla ya boti. Ukishindwa kusema, nitasema mimi."

Ijumaa saa mbili walikuwa mlangoni.

"Leo umekuja na bibi," mzee alisema.

"Ni mke wangu."

Mzee akamkaribisha Pua kwenye benchi, akamfunga Fundi shuka shingoni, akampaka povu. Alipomaliza shavu la kulia, Fundi akafumbua macho. Akamtaja mama yake kwa jina. Akautaja mtaa, na ile nyumba yenye tangi la maji uani.

Mzee aliufuta wembe kwenye taulo, pole pole, upande mmoja na wa pili.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikujua Jumanne. Una kovu nyuma ya sikio. Ulianguka kwenye ngazi ya tangi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono."

"Ukaniambia huna mtoto."

"Niliogopa. Mtu hana ndevu, anakuja kila siku, anakaa kitini kwangu, hasemi shida yake. Nikadhani unanivizia unilipize kisasi."

Nje mtu alikuwa akivunja barafu. Pua ndiye aliyeuliza lile ambalo mumewe hakuweza.

"Uliondoka kwa nini, baba?"

"Kazi, mwanangu. Nikaikosa, mwaka ukapita, nikaona haya kurudi mikono mitupu."

Pua alimtazama. Aliona nusu yake ni kweli. Ile nusu nyingine hakuijua bado.

Honi ya boti ikalia. Mzee alifuta povu lililobaki kwenye shavu la Fundi kwa taulo, akakataa malipo, akaandika namba ya simu yao ukutani kwa penseli. Hawakukumbatiana. Kwenye boti Fundi aliegemea bega la mkewe, naye akamwachia bega, ingawa mkono hakumpa hadi walipoiona nchi kavu.

Mzee alipiga simu baada ya wiki mbili, akauliza kama walifika salama. Baadaye akaanza kupiga kila Jumapili. Siku moja alimwambia Fundi kwamba yeye aliondoka kwa sababu ya ugomvi na mama yake Fundi. Kwa mama mdogo akasema alikuwa mgonjwa. Pua akaziweka sababu zote tatu kichwani, akangoja.

Mwezi wa sita mzee alikuja kuwatembelea. Siku ya pili, Pua akimwandalia chai, akamuuliza bila kuzunguka: "Baba, nimesikia sababu tatu. Nipe ya nne, iliyo ya kweli."

Mzee alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Kulikuwa na mwanamke," alisema. "Naye aliniacha baada ya miaka miwili."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alikwenda zake kazini bila kuaga, akarudi jua limezama. Alimkuta baba yake bado yupo, ameketi barazani na begi lake limefungwa tayari.

"Unakwenda wapi?" Fundi alimuuliza.

"Sijui. Nilikuwa nangoja uniambie."

Fundi akalichukua begi, akalirudisha ndani.