Neno la Kumlisha Mbwa

Msimu ule wa zabibu, mbwa wawili wa jirani yetu walikutwa wamekufa kando ya uzio, mapovu mdomoni, vipande vya nyama vimesalia kwenye nyasi. Aliyewatupia hakujulikana. Shamba letu la Hombolo limepakana na lake, na sisi tulikuwa na mbwa mmoja tu, jike la rangi ya majivu, aliyekula kutoka kila mkono ulionyooshwa. Niliiacha mezani riwaya niliyokuwa nikiiandika, nikaamua kumfundisha kukataa.

"Mfundishe," mama alisema, "lakini mbwa anayekataa watu wote, siku nikilazwa hospitali ya Mvumi atalishwa na nani?"

Nilimjibu kwamba atalishwa na mtu anayelijua neno. Mbinu yangu ilikuwa hiyo: kuweka ugali mbele yake, na asile mpaka nitamke neno la ruhusa. Wiki tatu, asubuhi na jioni. Alijifunza kukaa huku mate yakimdondoka, macho yameganda midomoni mwangu. Neno lenyewe nililichagua bila kufikiri, lile ninalolisema mtu yeyote akinikuta na chakula. Karibu.

Fundi wa pampu alipokuja, nilimwomba amtupie mnofu. Mbwa aliutazama, akageuza uso. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Siku ya kuvuna, wanawake wavunaji walikaa pembeni mwa mizabibu wakala ugali na perege wa bwawa la Mtera. Mzee mmoja akapita njiani na baiskeli.

"Shikamoo babu. Karibu chakula," mmoja wao akamwita.

"Marahaba. Nimeshiba, wajukuu zangu."

Mbwa wetu hakuwa ameshiba. Aliinuka kwa adabu zote, akapita katikati yao, akamchukua perege mkononi mwa yule aliyekaribisha.

"We, si nimemkaribisha babu?"

"Hukutaja jina," mwenzake akasema. "Na mgeni kafika."

Walicheka mpaka wakaweka matonge chini. Mama hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "huku kwetu hata anayekutilia sumu ataanza na karibu."

Jioni ile tulianza upya. Safari hii neno alichagua mama: jina la Kigogo la chombo cha bibi yake, ambacho hakuna tena anayekitumia na kwa hiyo hakuna anayekitaja. Kulifuta lile la kwanza kulinichukua muda mrefu kuliko kulifundisha. Nilimkaribisha mbwa mara mia, na mara mia nikaondoa sahani, mpaka neno karibu likawa kwake sauti tupu.

Kisha mama akaenda Mvumi kufanyiwa upasuaji wa macho, nami nikaenda kumuuguza. Neno tulimwachia jirani aliyepoteza mbwa wake, kwa kumnong'oneza sikioni.

Asubuhi ya siku ya tano alikuta mnofu ndani ya uzio wetu, nzi wamekufa juu yake. Mbwa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo, mate yakimdondoka, akimtazama yeye mdomoni.

Jirani anasema aliogopa hata kukohoa. Aliuzika ule mnofu kimya, akaosha mikono, akaweka chini sufuria ya ugali aliyokuja nayo. Ndipo akalitamka.